Kabla Mlango Haujafungwa: Abiria Wakorofi katika Ndege za Biashara

Abiria mkorofi, kwa lugha ya sheria ya anga, ni yule anayekiuka kanuni za mwenendo kiwanjani au ndani ya ndege, au anayekataa maelekezo ya wafanyakazi wa kiwanja na wahudumu wa ndege, na kwa kufanya hivyo akavuruga utulivu na nidhamu. Maana hiyo imo katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. La kutiliwa mkazo ni kwamba kiwanja nacho kimetajwa. Ukorofi hauhesabiwi tangu ndege inapopaa. Unahesabiwa tangu mtu anapofika kaunta na begi lake. Hata hivyo, aliyekasirika bado si mkorofi. Anaweza kulalamika kwamba ndege imechelewa, akadai maelezo, akapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na yote hayo ni haki yake. Anakuwa mkorofi pale anapomtukana mhudumu, anapokataa kufunga mkanda, anapovuta sigara chooni, anapomshika mwenzake kwa nguvu au anapogonga mlango wa marubani.

ICAO imeyapanga makosa hayo katika ngazi nne. Ya kwanza ni ya maneno na ukaidi: matusi, kelele, kukataa agizo. Ya pili ni ya mwili: kusukuma, kupiga, kumpapasa mtu, kuharibu vifaa vya ndege. Ya tatu ni tendo linalohatarisha uhai, kama kutoa silaha au kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhuru vibaya. Ya nne ni kuingia, au kujaribu kuingia kwa nguvu, katika chumba cha marubani. Mpangilio huu una faida kubwa kazini. Mhudumu anapompigia rubani simu ya ndani na kutaja ngazi tu, rubani anajua kama amwachie mhudumu amalize mwenyewe, au aanze kutafuta kiwanja cha karibu cha kutua. Matukio mengi mno huishia ngazi ya kwanza. Yanayopanda juu mara nyingi hupanda kwa sababu ngazi ya kwanza ilidharauliwa, au ilijibiwa kwa hasira.

Ukubwa wa tatizo unajulikana kutokana na taarifa ambazo mashirika ya ndege hupeleka kwenye chama chao cha kimataifa, IATA. Mwaka 2021 tukio moja liliripotiwa katika kila safari 835. Mwaka 2022 ilikuwa moja katika kila safari 568, na mwaka 2023 moja katika kila 480. Nchini Marekani peke yake, mamlaka ya anga ya huko ilipokea karibu taarifa 6,000 mwaka 2021, na zaidi ya 4,000 kati ya hizo zilihusu barakoa za wakati wa UVIKO-19. Barakoa zimeondoka, ukorofi haukuondoka nazo. Kwa msafiri mmoja uwezekano wa kukutana na tukio bado ni mdogo. Kwa mhudumu anayeruka karibu kila siku, ni jambo ambalo lazima limkute.

Chanzo kinachotajwa kwanza kila mahali ni pombe, hasa ile ambayo abiria ameinunua mwenyewe na kuinywa kwa siri nje ya kipimo cha mhudumu. Hewa ya ndani ya ndege kubwa huwa imeshinikizwa kufikia kimo cha takriban mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kimo cha Nairobi au zaidi, na ni kavu sana. Mtu wa pwani aliyepanda kutoka usawa wa bahari, akanywa, akameza na kidonge cha usingizi juu yake, hujikuta katika hali ambayo hakuipanga. Sigara nayo ni chanzo, kwa namna mbili: kiu ya anayeikosa kwa saa nyingi, na hatari ya anayejificha kuivuta. Tarehe 11 Julai 1973 moto ulizuka katika choo cha nyuma cha ndege ya Varig iliyokuwa ikikaribia Paris. Watu 123 kati ya 134 walikufa, wengi wao kwa moshi, na sigara iliyotupwa kwenye pipa la taka ndiyo iliyoshukiwa zaidi. Anayeona kwamba wahudumu hukasirika kupita kiasi kwa ajili ya sigara moja chooni, sababu yao ni hiyo.

Kuna vyanzo ambavyo mashirika yenyewe huvipanda. Mwaka 2016 watafiti Katherine DeCelles na Michael Norton walionyesha kwamba ndege zenye daraja la kwanza zilikuwa na matukio ya ukorofi katika daraja la kawaida karibu mara nne kuliko zisizo nalo, na kwamba kuwapitisha abiria wa kawaida katikati ya viti vya wakubwa kuliongeza matukio mara mbili zaidi. Viti vilivyobanwa, safari iliyoahirishwa bila neno, begi lililopotea bila pole: hayo hayahalalishi ngumi, lakini shirika linalouliza kwa nini abiria wake wanazidi kuwa wakali halina budi kuvitazama na viti vyake.

Kundi jingine huhesabiwa kuwa la wakorofi kwa makosa. Ni wale wanaoruka kwa mara ya kwanza. Mzee wa Kilwa Kivinje anayekwenda Hija, mama wa Somanga anayempeleka mtoto Muhimbili, kijana aliyepata kazi Ghuba, hawa wanaweza kusimama ndege ikiwa bado inatembea, wakabonyeza kitufe wasichokijua, wakashindwa kufungua mlango wa choo wakaupiga mateke. Asiyejua hafundishwi kwa kukemewa. Lugha ina uzito mkubwa hapa: agizo lililotolewa kwa Kiingereza pekee kwa mtu asiyekijua halijatolewa, na hawezi kuhesabiwa kuwa amelikataa. Shirika linalochukua abiria Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa lina wajibu wa kusema nao kwa Kiswahili kabla ya kuandika jina la yeyote katika orodha ya wakaidi.

Mwisho kuna wagonjwa. Sukari iliyoshuka humfanya mtu aonekane mlevi. Kifafa, hofu ya ghafla, usahaulifu wa uzeeni na maradhi ya akili huweza kutoa kelele na vurugu zilezile za mlevi. Katika pwani ya Lindi wapo watakaosema kwamba mtu amepandwa na mashetani, na ndugu zake wakaamini hivyo kwa dhati. Ndani ya ndege, lolote linaloaminiwa kuwa chanzo, hatua za mwanzo hazibadiliki: apewe nafasi, asemeshwe kwa sauti ya chini, ndugu yake asogezwe karibu, na daktari aliye miongoni mwa abiria aitwe.

Tukio la Afrika Mashariki linalofundisha zaidi kuliko yote lilimhusu mgonjwa. Alfajiri ya tarehe 29 Desemba 2000, ndege ya British Airways safari namba 2069, Boeing 747 kutoka Gatwick kwenda Nairobi, ilikuwa juu ya anga ya Sudan ikiwa na watu 398. Kijana Mkenya aliyekuwa na maradhi ya akili, akiamini kwamba anafuatwa ili auawe, aliingia katika chumba cha marubani na kuushika usukani. Rubani mkuu, William Hagan, alikuwa amekwenda kupumzika. Rubani msaidizi alipambana peke yake huku ndege ikipinda, ikipoteza nguvu ya kuelea na kuporomoka futi zipatazo 10,000. Hagan alirudi, na kwa msaada wa abiria waliokuwa karibu kijana akatolewa. Ndege ilinyanyuliwa na kutua Nairobi salama. Mlango ulikuwa haufungwi kwa komeo, kwani wakati huo ilikuwa kawaida hata kwa watoto kuruhusiwa kwenda kuwatazama marubani. Miezi tisa baadaye likaja shambulio la Septemba 11 nchini Marekani, na kuanzia tarehe 1 Novemba 2003 ICAO ikataka kila ndege ya abiria yenye uzito wa zaidi ya kilo 45,500 au viti zaidi ya 60 iwe na mlango wa marubani usiopenyeka kwa nguvu wala kwa risasi ndogo. Dash 8 ya Air Tanzania, yenye viti 76, imo katika sharti hilo. Ndege ndogo zinazotua katika kiwanja cha Kilwa Masoko, mkoani Lindi, hazimo, na suala hilo litafikiwa mbele.

Ni lazima pia kumtenga mkorofi na mtekaji. Ndege ya Air Tanzania iliyotekwa Februari 1982 ikiwa safarini kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens na hatimaye Stansted karibu na London, ilikuwa kesi ya uhalifu uliopangwa, na utekaji una mkataba wake wa Hague wa 1970. Mkorofi hana mpango. Ndiyo maana anaweza kuzuiwa mapema, na ndiyo maana kumtendea kama gaidi tangu neno la kwanza ni kuukuza moto. Kati ya hao wawili yupo mwenye kutishia kwa uongo. Desemba 20, 2015, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Mauritius kwenda Paris ilitua kwa dharura Mombasa baada ya kitu kilichodhaniwa kuwa bomu kukutwa chooni. Watu zaidi ya 450 walitelemshwa usiku. Kitu chenyewe kilikuwa makaratasi, maboksi na saa ya jikoni. Mzaha wa namna hiyo, hata wa mdomo tu kwenye foleni ya ukaguzi, hauna kipimo kidogo mbele ya sheria, kwa sababu rubani hawezi kuusikia na kuuacha.

Sheria ya msingi ni Mkataba wa Tokyo, uliotiwa saini tarehe 14 Septemba 1963 na kuanza kutumika Desemba 1969. Umempa rubani mkuu mamlaka yanayofanana na ya nahodha baharini. Akiwa na sababu za kuridhisha kuamini kwamba mtu ametenda au yu karibu kutenda jambo linalohatarisha ndege, watu, mali au nidhamu, anaweza kuchukua hatua za kiasi, zikiwamo za kumfunga. Anaweza kuwaamuru wahudumu wamsaidie. Abiria wengine anaweza kuwaomba tu, hawezi kuwalazimisha. Anaweza kumteremsha mkorofi katika nchi yoyote ndege itakapotua, na kama kosa ni kubwa, anaweza kumkabidhi kwa vyombo vya dola. Mkataba unawalinda rubani, wahudumu na abiria waliosaidia wasishtakiwe kwa hatua hizo, alimradi zilikuwa za kiasi na zilifuata masharti yake.

Mamlaka hayo yana mipaka miwili ambayo watu wengi hawaijui. Wa kwanza ni wa wakati: yanaanza milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kupanda, na yanakoma mlango wowote unapofunguliwa ili washuke. Kabla ya hapo mtu yuko mikononi mwa wafanyakazi wa kiwanja, walinzi na polisi, na anaweza kukataliwa safari bila pingu wala vurumai. Wa pili ni wa mahali. Sehemu ya mkataba inayohusu mamlaka ya rubani haigusi ndege iliyo katika anga ya nchi ilikosajiliwa, ikiwa imetoka na inakwenda ndani ya nchi hiyohiyo. Ndege yenye alama za usajili za Tanzania, zinazoanza na 5H, ikiruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa au Mtwara, inatawaliwa na sheria za Tanzania moja kwa moja, ingawa kanuni ya kwamba rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndege yake inabaki palepale.

Mkataba wa Tokyo ulikuwa na pengo kubwa. Nguvu ya kumshtaki mtu ilipewa kwanza nchi ilikosajiliwa ndege, wala si nchi inapotua. Polisi wa mji fulani wangeweza kumpokea mlevi aliyempiga mhudumu, wakachukua maelezo, kisha wakamwachia usiku uleule kwa sababu ndege ni ya usajili wa kigeni na mahakama zao hazina mamlaka. Mashirika mengi leo yanakodi ndege zilizosajiliwa mbali na makao yao, na kukodi huko kuliongeza pengo. Itifaki ya Montreal ya tarehe 4 Aprili 2014 ilikuja kuliziba: inaipa mamlaka nchi ya kutua na pia nchi ya shirika linaloendesha ndege. Ilianza kutumika Januari 1, 2020, baada ya Nigeria kuwa nchi ya 22 kuiridhia. Nguvu yake kamili itapatikana tu pale nchi nyingi za njia moja zitakapokuwa ndani yake. Mhudumu aliyevunjwa meno angani ana haki ya kuiona kesi yake ikisikilizwa popote atakaposhukia.

Ndani ya ndege kubwa, kazi ya kumtuliza mkorofi ina hatua zinazofundishwa kila mwaka. Mhudumu mmoja husema naye. Wa pili husimama karibu akisikiliza, tayari kuwa shahidi. Anayesema huinama hadi macho yalingane, hutaja jina la abiria lililo kwenye orodha, husikiliza malalamiko hadi mwisho, kisha hueleza kwa ufupi kinachotakiwa na sababu yake. Pombe husimamishwa kimyakimya. Aliyekaa karibu naye huhamishwa kama kuna nafasi. Ikishindikana, onyo la mdomo hufuatiwa na onyo la maandishi lililo na saini ya rubani mkuu, ambalo hutaja kosa na kusema kwamba polisi wataisubiri ndege. Karatasi hiyo hufanya kazi ambayo sauti haiwezi: mtu huisoma, anapata dakika ya kufikiri, na heshima yake mbele ya watu haijavunjwa. Wahudumu wenye uzoefu wanasema neno moja la adabu katika dakika tano za mwanzo lina nguvu kuliko pingu za saa moja baadaye, na hakuna sababu ya kutowaamini.

Marubani hawatoki. Hata wakisikia mapigano, mlango hubaki umefungwa, na mawasiliano ni kwa simu ya ndani. Uamuzi wao ni mmoja: kuendelea au kutua njiani. Kutua njiani kwa ndege kubwa kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa mafuta, ada za kiwanja, malazi na safari zilizofuatana kuvurugika, lakini gharama hiyo haitakiwi kuwa kichwani mwa rubani anapopima hatari.

Kumfunga mtu ni hatua ya mwisho, na ni hatua inayoweza kuua. Agosti 2000, kijana wa miaka 19 aliyeushambulia mlango wa marubani katika ndege ya Southwest Airlines kutoka Las Vegas kwenda Salt Lake City alidhibitiwa na abiria wenzake, akafa. Oktoba 2010, katika ndege ya British Airways iliyokuwa bado chini Heathrow, raia wa Angola aliyekuwa akirudishwa kwao kwa nguvu alikufa akiwa ameinamishwa na walinzi waliomsindikiza. Abiria walimsikia akilia kwamba hawezi kupumua, na mwaka 2013 baraza la uchunguzi wa kifo lilisema aliuawa isivyo halali, ingawa walinzi hao baadaye waliachiwa huru na mahakama. Mafunzo ya sasa yanatokana na vifo kama hivyo. Asilazwe kifudifudi. Asikaliwe mgongoni. Kifua chake kiachwe kipanuke, asizibwe mdomo, na mtu mmoja awe na kazi moja tu ya kumtazama anavyopumua. Abiria wenye hasira wanaosaidia kumkamata hawanyanyuki kwa urahisi juu ya mtu waliyemwogopa, kwa hiyo mhudumu ndiye anayepaswa kuwaambia sasa basi, muachieni. Na iwapo mtu aliyefungwa anaishiwa nguvu, fundo hukatwa.

Hayo yote yanachukulia kwamba kuna wahudumu, kuna mlango na kuna simu ya ndani. Kiwanja cha Kilwa Masoko kinahitaji somo la peke yake. Ndege iliyozoeleka hapo ni Cessna 208 Caravan, yenye injini moja na viti vya abiria takriban kumi na mbili, inayofika kutoka Dar es Salaam au Mafia ikiwa na watalii wa magofu ya Kilwa Kisiwani, wavuvi wa mchezo, maofisa, wafanyabiashara na wakati mwingine mgonjwa. Ina rubani mmoja au wawili. Haina mhudumu, kwani sharti la kuwa na mhudumu huanza kwa ndege yenye viti zaidi ya 19. Haina mlango kati ya rubani na abiria. Aliyeketi safu ya mbele anaweza kumgusa bega. Mara nyingi, ikiwa rubani ni mmoja, kiti cha pili cha mbele hupewa abiria, na mbele ya goti lake kuna usukani wa pili unaofanya kazi sawasawa na ule wa rubani. Lililotokea juu ya Sudan mwaka 2000, ambalo ndege kubwa zimelizuia kwa chuma, katika ndege hii linazuiwa na busara ya mtu mmoja anayepanga viti.

Kuna mambo mawili zaidi. Ndege kubwa ikiwa juu, mlango haufunguki kwa sababu shinikizo la hewa ya ndani linaubana. Hatari hurudi tu karibu na ardhi, kama ilivyokuwa Daegu, Korea Kusini, Mei 26, 2023, abiria wa Asiana alipofungua mlango wa dharura ndege ikiwa futi 700 hivi kabla ya kutua. Caravan haishinikizwi hewa. Mlango wake haubanwi na shinikizo wakati wowote wa safari. Jambo la pili ni mizani. Uzito wake wote inapopaa ni takriban tani nne, na watu wanne wakikimbilia upande mmoja wanakisogeza kitovu chake cha uzito. Agosti 25, 2010, ndege ndogo ya Filair, L-410, ilianguka ikikaribia Bandundu, Kongo, na kuua watu 20. Kwa masimulizi ya manusura pekee, mamba aliyefichwa katika begi alitoroka, abiria wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani. Aliyemficha mnyama yule hakumtukana mtu wala kumpiga. Alivunja kanuni ya kiwanjani tu.

Kwa ndege za aina hii, basi, udhibiti wa abiria mkorofi ni kazi ya ardhini, karibu yote. Huanzia kwenye mizani. Ugomvi unaozuka zaidi katika viwanja vidogo ni wa mzigo: tiketi inasema kilo 15, begi lina 24, na mwenye begi haoni kwa nini kilo tisa za korosho au samaki wakavu ziizuie ndege. Haitoshi anayempimia kusema ni sheria ya kampuni. Anapaswa kumweleza kwamba uzito wa kila begi na wa kila mtu umo katika hesabu ambayo rubani ataitumia kupaa, na kumpa njia ya pili: begi lifuate kwa basi au kwa ndege ya kesho. Aliyekubali kwa kuelewa hapandi na kinyongo.

Kisha ni macho. Mfanyakazi wa kaunta na rubani mwenyewe, anapowasalimia abiria chini ya bawa, wanatazama miguu inayoyumba, harufu ya pombe, macho yasiyotulia, mtu anayesema peke yake, mtu anayetetemeka kwa woga. Kanuni za uendeshaji wa ndege zinakataza kumpandisha aliyelewa. Lakini kumkataa kunataka ujasiri kijijini na mjini mdogo, ambako anayekataliwa huwa ni ofisa, mfadhili wa hoteli au mwana wa jirani. Kampuni isiyomlinda rubani wake kijana dhidi ya simu ya mkubwa itakayopigwa jioni imeshamnyang'anya mlango wake wa chuma. Mwoga hutendewa tofauti: hukalishwa katikati karibu na mtu aliyezoea, si mlangoni wala mbele. Mgonjwa wa akili anayesafirishwa kwenda hospitali huenda na ndugu, na muuguzi inapowezekana, na rubani aambiwe ukweli kabla. Ndugu wengi huficha kwa aibu, na aibu hiyo ina hatari.

Maelezo ya usalama nayo yatolewe kabla injini haijawashwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na yaseme pia mambo ambayo ndege kubwa hazina haja ya kuyasema: asiguse mtu usukani wala kanyagio za mbele, asifungue mtu mkanda kuhamia kwa mwenzake, mlango usiguswe. Kati ya Mafia na Kilwa njia ni ya bahari, na jaketi la kuokolea lina neno lake. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, watu 125 kati ya 175 walikufa, na baadhi yao walikuwa wamejaza jaketi zao upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, yaliwanyanyua hadi darini wakashindwa kutoka. Agizo la kujaza jaketi nje ya mlango linaonekana dogo hadi siku hiyo.

Ikiwa ukorofi utazuka angani hata hivyo, rubani wa Caravan hageuki kupigana. Kazi yake ni kurusha ndege. Humwomba aliye karibu amtulize mtu, huongea kwa redio na waongozaji wa Dar es Salaam, hushuka, na hutua palipo karibu: Songo Songo, Mafia, Kikwetu mkoani Lindi, Mtwara au Kilwa yenyewe. Hapo ndege ndogo ina heri ambayo Boeing haina, kwa kuwa inaweza kuwa chini baada ya dakika chache na katika kiwanja cha changarawe.

Baada ya kutua huja kazi ya ushahidi, na hapo kesi nyingi duniani hufia. Mkorofi akikabidhiwa kwa polisi bila maandishi, kesho yake hakuna wa kumshtaki. Rubani anapaswa kuandika taarifa kwa kampuni na kwa TCAA: saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, hatua zilizochukuliwa na muda mtu aliokaa amefungwa, kama alifungwa. Mashirika mengine huongeza adhabu yao ya kukataza safari. KLM na Transavia hupeana majina na humzuia mtu miaka mitano. India, ambako Air Tanzania huruka hadi Mumbai, iliweka mwaka 2017 utaratibu wa nchi nzima: hadi miezi mitatu kwa matusi, hadi miezi sita kwa kugusa mwili, miaka miwili au zaidi kwa kuhatarisha uhai. La kuigwa kutoka huko ni kwamba shirika halihukumu peke yake. Kamati inayoongozwa na jaji mstaafu husikiliza na kuamua, na aliyezuiwa ana mahali pa kukata rufaa. Tukio la United Airlines la Aprili 9, 2017 mjini Chicago, ambapo daktari wa miaka 69 aliburutwa kutoka kiti alichokilipia ili mfanyakazi wa shirika apate nafasi, linaonyesha kwa nini usikilizwaji huo unahitajika: kampuni kwanza ilimwita msumbufu, kisha ikaomba radhi na kufikia naye mapatano.

Kesi ikiwa ya Kilwa, polisi wa Masoko ndio watakaofungua jalada, na mahakama ya wilaya haiko mbali na kiwanja. Ugumu ni mashahidi. Mtalii anaondoka kesho kutwa, fundi wa gesi anavuka kwenda Songo Songo alasiri hiyohiyo, na rubani ana abiria wengine wanaomsubiri Mafia. Kwa hiyo maelezo yao huchukuliwa palepale kiwanjani, kila mmoja peke yake, kwa lugha anayoijua, yakiwa na saini, anwani na namba ya simu, kabla hajaingia kwenye bajaji ya kumpeleka mjini.